Nguo ya dizaina, mshono wa fundi au mtumba: unapolipa, unalipia nini hasa?

Ukipita Makoroboi hapa Mwanza mchana, pale machinga wametandika magauni mpaka unakosa pa kuweka mguu, alafu jioni ukaingia maduka ya Rock City Mall, unaweza kabisa kukutana na gauni ambalo kwa macho ni lilelile, kijani ileile iliyokolea, mikono ileile ya puto, mkanda uleule kiunoni, ila huku unaambiwa elfu 25 na kule laki na nusu, na wauzaji wote wawili wanakuapia kwamba hii ni ya dizaina dada yangu, huikuti kwa mtu mwingine. Ukirudi mtaani fundi wako wa Nyakato au Mabatini anakwambia lete kitambaa nikushonee zuri kuliko yote hayo. Na mama nyumbani anauliza, sasa sisi watu wazima nguo zetu ziko wapi, mbona kila kitu kimebana au ni gunia tu?

Nataka tulichambue hili taratibu kwa sababu naona wanawake wengi, wa umri wote, wanamwaga hela na bado wanatoka nyumbani hawajiamini, na wala shida sio mwili, sio umri, na mara nyingi sio hata udogo wa bajeti. Shida ni kwamba bei ya nguo imebeba vitu vinne kwa mpigo na sisi tunalipa bila kujua tunanunua kipi. Kuna kitambaa, kuna mkato, kuna ushonaji, na kuna jina. Nguo inaweza kuwa na jina kubwa na kitambaa cha hovyo. Inaweza kuwa na kitambaa cha gharama alafu ikakatwa vibaya mpaka ukaichukia siku ya kwanza tu. Na inaweza isiwe na jina lolote ikawa ndo nguo bora kabatini kwako.

Tuanze na jina maana ndo linaloumiza watu vichwa.

Hii habari ya kushona lebo ya mbunifu ndani ya nguo, anayetajwa kuianzisha ni Charles Frederick Worth, Mwingereza aliyekwenda kufungua nyumba yake ya mavazi Paris mwaka 1858. Kabla yake fundi alikuwa mtu wa kuitwa kwa tajiri, anaelekezwa cha kushona, anashona, anaondoka, hakuna anayemjua. Worth akageuza mambo, akawa anabuni yeye, anawavalisha wasichana nguo hizo wateja waone, mteja akipenda moja inashonwa upya kwa vipimo vya mwili wake. Kutoka hapo likakua lile daraja la juu kabisa la mitindo ambalo Wafaransa wanaliita haute couture, na tangu 1945 jina hilo linalindwa kisheria kwao, huwezi kuamka tu ukajiita, lazima uwe na karakana Paris, uwe na mafundi wa kudumu, uonyeshe mavazi mapya mara mbili kwa mwaka, na hiki ndo nataka ukishike vizuri, nguo ishonwe kwa oda ya mteja mmoja mmoja na ajaribishwe mwilini kabla haijamalizwa.

Yaani daraja la juu kuliko yote duniani ni nguo ya kupimwa na kushonewa. Ile inayoning'inia dukani ikiwa tayari, S, M, L, XL, hata iwe na jina zito kiasi gani, kwa mpangilio wa Paris wenyewe iko ngazi ya chini yake. Yves Saint Laurent alipofungua duka la nguo zilizo tayari, Rive Gauche, mwaka 1966, ilikuwa habari kubwa kwa sababu mbunifu wa hadhi ile alikuwa anashuka kwenda kumuuzia mwanamke wa kawaida nguo ya kutoa kwenye hanga na kuondoka nayo. Baada ya hapo zikaja kampuni za kasi, Zara ilianza 1975 kule Hispania, siku hizi kuna Shein, kazi yao ni kunusa kinachopendwa wiki hii na kukileta kwa wingi kabla hakijapoa.

Huku kwetu tumelipindua. Mdada anaona aibu kusema nimeshonewa na fundi wa mtaani na anaona fahari kusema nimenunua dukani, wakati yule fundi wa barazani anayekuzungusha na futi kamba anafanya kazi kwa utaratibu uleule wa Worth. Tofauti kubwa ni hatua moja ambayo huku tunairuka, nitaifikia kule chini, na naisemea sana kwa sababu ndo inayoharibu magauni mengi mazuri Mwanza hii.

Kwa hiyo jina halina thamani? Linayo, ila lazima ujue ni thamani ya nini. Ukinunua kwa mbunifu wa kwetu aliyefanya kazi yake ikaonekana, hawa waliopitia majukwaa kama Swahili Fashion Week, lile lililoanzishwa na Mustafa Hassanali Dar es Salaam mwaka 2008 (na huyu bwana kasomea udaktari, watu wengi hawajui), pale unalipia kichwa chake, michoro aliyochora na kuifuta, nguo za majaribio, na ule uhakika kwamba zimetoka chache, hutokutana na yako kwenye harusi tatu mfululizo. Hiyo hela ina maana na mimi natamani tuilipe zaidi. Ila fulana yenye herufi za Gucci kifuani inayouzwa bei ya sato mmoja, pale hujalipia jina, umelipia picha ya jina. Ile nembo ya Louis Vuitton ya herufi na maua ilibuniwa 1896 na sababu mojawapo ilikuwa kuwazuia watu wasikopi, sasa angalia imekopiwa kiasi gani. Kama unaipenda fulana kwa sababu inakukaa vizuri, vaa kwa raha zako, ila usilipie elfu kumi ya ziada kwa sababu ya herufi.

Kitambaa sasa, hapa ndo pana utajiri, na hapa ndo unaweza kujilinda kwa vidole vyako mwenyewe.

Chukua kitenge chochote dukani, kabla hujaangalia ua wala rangi, kigeuze. Kama upande wa nyuma umepauka na upande wa mbele umekolea, hicho kimechapwa upande mmoja. Sio dhambi, kinavaliwa, ila usikilipie bei ya waksi. Waksi yenyewe inachapwa kwa lami maalum, utomvu kama nta na sio ile ya barabara, pande zote mbili, alafu kitambaa kinazamishwa kwenye rangi, pale palipo na lami rangi haiingii, na ile lami ikivunjikavunjika rangi inapenya kwenye nyufa na kuacha vimistari vyembamba sana visivyofanana, hakuna sehemu mbili zinazolingana kabisa. Ukiviona vile vimistari, na nyuma na mbele pamekolea karibu sawa, hapo una kitu. Kampuni ya Vlisco ya Helmond, Uholanzi, iko tangu 1846, na teknolojia yenyewe waliiga batiki za Java wakitaka kuzitengeneza kwa mashine, mwisho wa siku soko lililozipokea kwa mikono miwili likawa Afrika, kwanza Magharibi, baadae zikasambaa mpaka Kongo na mpaka huku kwetu ziwani. Ndo maana hata leo ukiambiwa kitenge cha Kongo usidhani lazima kilifumwa Kongo, mara nyingi maana yake ni kimepitia huko au ni kwa ladha ya huko.

Ukingoni mwa kitambaa huwa kuna maandishi, jina la kampuni na aina ya waksi, na watu wengi wanayakata na kuyatupa bila kuyasoma. Yasome. Ila usiyaamini peke yake kwa sababu wanaochapa feki wanachapa na maandishi pia. Kanga za zamani nazo zilikuwa hivyohivyo, zile za Mali ya Abdulla kutoka Mombasa, biashara iliyoanza 1887, bibi zetu walikuwa wanaangalia ile alama pembeni kabla hata ya kusoma jina la kanga. Wachina nao wana waksi zao, Hitarget ndo inayojulikana zaidi, na zipo nzuri tu kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu, sitaki mtu aone kwamba bila Vlisco hajavaa.

Kama una wasiwasi kitenge ni pamba au ni poliesta, omba uzi mmoja mmoja pembeni, chomoa mitatu minne, uiwashe kwa kiberiti. Pamba inaungua kwa harufu ya karatasi na inaacha jivu laini linalopukutika, poliesta inayeyuka, inajikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hakatai. Alafu lowesha kona ya leso nyeupe usugue pale penye rangi kali, ikitoka nyekundu au bluu nyingi ujue kitachuja na siku ya mvua ya Mwanza mwili wako wote utakuwa na rangi ya kitenge.

Na hapa naomba niseme jambo moja linaniuma. Hii ni Usukuma, hapa ndo nyumbani kwa pamba, kutoka Mwanza, Simiyu, Shinyanga, Geita, wazazi wetu wamesomesha watoto kwa pamba, timu yetu ya mpira inaitwa Pamba, na kiwanda cha nguo cha Mwatex kilikuwa hapahapa mjini. Ila sehemu kubwa ya pamba yetu inaondoka nchini ikiwa marobota, inafumwa na kuchapwa kwa wenzetu, alafu tunauziwa kitenge. Mwanamke wa Misungwi anapalilia pamba msimu mzima na siku ya sherehe anavaa poliesta. Inaniumiza kila nikipita duka la vitambaa.

Poliesta yenyewe ilitengenezwa Uingereza mwaka 1941 na ina kazi zake, haikunjamani, inakauka haraka, inashika rangi. Ila haifyonzi jasho, na jua letu la saa saba mchana unalijua. Kwa hiyo gauni la krepu la poliesta usilivae kichen pati ya mchana ndani ya turubai, liache kwa sendofu ya usiku upepo wa ziwa ukiwa umeanza kupuliza. Kanisani, ofisini, safari ya meli kwenda Nansio, chagua pamba, kitani au viskosi. Ile nguo ya kuvutika ina nyuzi za elastini, zilizogunduliwa 1958, asilimia mbili tatu tu zinatosha kukupa nafasi ya kukaa na kuinuka, ikizidi sana nguo inachora kila kitu na inaharibika haraka kwa pasi ya moto. Na ukiangalia lebo ya ndani kuna vialama, watu wanavipuuza, kumbe vidoti kwenye picha ya pasi ndo vinakwambia joto, kimoja ni joto dogo, viwili la kati, vitatu kali, pembetatu iliyokatwa kwa mistari miwili inayopishana ni usitie jiki, na duara ni habari za draikilini. Nguo nyingi nzuri za mtumba zimeuawa na pasi ya mkaa, sio na uzee.

Sasa mkato, na hapa ndo tunaongelea umri.

Nimesikia mara nyingi, mwanamke akifika hamsini avae nguo pana, rangi ya kahawia au bluu nzito, ajisitiri. Mimi sikubaliani hata kidogo na sababu ya pili nitaisema kwanza, rangi haina umri, mama mwenye ngozi nyeusi iliyokolea na mvi akivaa njano ya embe au pinki ya kuwaka anang'aa kuliko binti yake, angalia kanisani Bugando Jumapili utaona. Sababu ya kwanza ni ya kiufundi. Tumewapa mama zetu madera na magauni mapana kwa sababu ni rahisi kushona, hayahitaji fundi kufikiri, tukaita heshima.

Mwili wa miaka 22 na mwili wa miaka 58 unaweza kutoa inchi zilezile kwenye futi, kifua sawa, kiuno sawa, hipsi sawa, na bado gauni moja likamkaa huyu na kumkataa yule. Kwa nini? Kwa sababu futi inapima mzunguko, haipimi mahali. Kwa mama matiti yameshuka kidogo, mabega yamekuja mbele, mgongo wa juu umejaa, kwa hiyo anahitaji kitambaa kirefu zaidi nyuma na zile dati, ile mikunjo ya kubana kifuani, zianzie chini zaidi. Mkono wa juu umeongezeka, kwa hiyo kwapa likikatwa dogo anashindwa hata kufunga kilemba. Fundi akitumia pateni, yaani kile kiolezo cha kukatia, ya binti kisha akaongeza upana tu pembeni, hajatatua kitu, kaongeza kitambaa mahali pasipohitaji na kaacha pabaya palepale.

Niliona kwa macho kwa fundi mmoja Igoma. Kuna mama, mwalimu mstaafu, kaleta gauni la kitenge alilokuwa ameshonewa kwingine, mbele limepanda juu ya goti nyuma linaburuza, na kola inakimbilia nyuma kila akitembea, yeye akawa anasema basi mwili wangu ndo umeharibika. Fundi hakusema neno, akamvalisha, akachomeka pini mbili juu ya mabega, akafumua mshono wa ubavu upande wa kulia, akashusha dati kama vidole viwili, akapiga bandi, ule mshono wa muda wa kushikiza tu, kwa uzi mweupe mrefu mrefu, akamwambia tembea. Kola ikatulia. Pindo ya mbele ikashuka usawa wa nyuma bila kuongezwa hata inchi moja ya kitambaa. Mama akajiangalia kwenye kile kioo cha ukutani, akajigeuza ubavu, akauliza na yale mengine matatu nyumbani nayo yanarekebishika? Yanarekebishika.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi na mama, au wewe mwenyewe ukiwa umeshazaa na mwili umebadilika, usikubali kupimwa kifua kiuno hipsi basi. Omba apime kutoka begani mpaka kwenye chuchu, upana wa mgongo, mzunguko wa mkono wa juu, na urefu wa bega mpaka kiunoni apime mbele na nyuma mbalimbali. Fundi mzuri atafurahi, maana ataona umekuja kushona na sio kukimbizana.

Kuna mishono inayosamehe mwili wa kila umri na ni vizuri kuijua. Gauni la kukunja na kufunga ubavuni ni mojawapo, Diane von Furstenberg alilipatia jina kubwa Marekani mwaka 1974 na halijawahi kutoka kwenye mitindo mpaka leo, kwa sababu unalifunga kwa kiuno ulichonacho siku hiyo, ukiwa mjamzito unalegeza, ukinyonyesha unafungua, ukipungua unakaza. Sisi wa kanga na kitenge akili hiyo tunayo siku nyingi. Sketi ya marinda manne yanayoanzia kwenye hipsi badala ya kiunoni ni nzuri kwa wenye tumbo. Shati la kitenge lenye mkato wa bega uliokaa juu ya mfupa kweli, likavaliwa na suruali nyeusi iliyonyooka, linamfaa mhasibu wa miaka 35 na mama yake. Ile mikia ya samaki inayobana mpaka chini ya goti ni nzuri kwenye picha, ila jaribu kupanda nayo daladala ya Nyegezi au kushuka mawe ya Capri Point uniambie.

Na maua ya kitambaa yapangwe. Kitenge chenye miduara mikubwa kuliko kiganja kikikatwa bila kuangalia, duara moja linaangukia titi moja na jingine linakatikia tumboni, kila mtu anakodolea pale. Kupanga maua kunakula kitambaa zaidi, pisi ya yadi 6 ni karibu mita tano na nusu, inatosha gauni refu na kilemba kama mpangilio ni mzuri, lakini ukinunua yadi 3 usimlaumu fundi maua yakigongana.

Kwa mabinti mambo ni mengine, wao mwili haugombani na mkato, wanagombana na bajeti na kasi ya mitandao. Wanafunzi wa vyuo pale Nyegezi wanajua soko la mtumba la Mlango Mmoja kuliko mimi. Mtumba unakuja kwa mabelo, mengi ni ya kilo 45, na belo likikatwa asubuhi wenye macho wanachukua za juu, hizo ndo zinapigwa pasi na kuuzwa mara tatu mtaani kama nguo za boutiki. Kumbuka saizi zinatofautiana kwa nchi, 12 ya Uingereza ni 8 ya Marekani na ni 40 ya Ulaya, na XL nyingi za China ukizivaa zinakukaa kama M, kwa hiyo usibishane na lebo, pima begani na kiunoni. Geuza ndani nje. Ukikuta kuna bitana iliyoshonwa vizuri, mistari ya kitambaa inakutana sawasawa kwenye mshono, vifungo vina kimoja cha akiba ndani, na pindo limeshonwa mpaka nje huoni uzi, hiyo chukua hata kama jina hulijui, hapo umepata ushonaji ambao dukani ungeulipia mara kumi. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana mtumba uondoke taratibu ili viwanda vyetu vipumue, Marekani ikatishia upande wa AGOA, ule mpango wa nchi za Afrika kuuza bidhaa kwao bila ushuru, wengi wakarudi nyuma, Rwanda wakabaki na msimamo na wakapoteza nafasi ya kuuza nguo kwa nafuu ile. Mimi najua mtumba umevalisha watu wengi kwa heshima, na najua pia umewakalia vibaya wafumaji wetu, yote mawili ni kweli.

Ladha nayo iachiwe mtu. Flaviana Matata wa Shinyanga pale jirani alipanda jukwaa la Miss Universe 2007 akiwa na kipara, wakati wote tulikuwa tunaambiwa uzuri ni nywele ndefu, akafika mbali na dunia ikamjua. Binti anayependa suruali pana na shati la kiume, anayependa abaya yenye nakshi mikononi, anayependa kujipigilia lesi kila Jumapili, wote wanaweza kupendeza kama kitambaa kimekaa na mkato umekaa.

Alafu kuna sare za sherehe, hapa ndo umri wote unagongana siku moja. Msimu wa kununua pamba kwa kawaida unafunguliwa Mei, hela ikishaingia vijijini harusi zinaanza, Juni mpaka Septemba na tena Desemba mafundi wa Mwanza hawalali, na kamati inatoa picha moja ya mshono kutoka Instagram, mwanamitindo ana miaka 24, wanawake arobaini kuanzia binti mpaka shangazi wa miaka 65 wote washone vilevile, mabega wazi. Jamani. Sare ni kitambaa, haijawahi kuwa lazima iwe mshono. Kamati itoe kitambaa na rangi ya kilemba, iseme urefu uwe chini ya goti, basi, kila mtu akashone kinachomkaa. Picha zinatoka nzuri zaidi kwa sababu kila mtu kasimama wima badala ya kuvutavuta juu kifua.

Na ile hatua tunayoiruka ni kujaribishwa. Tunapeleka kitambaa Jumatatu tunataka gauni Ijumaa, fundi anakata, anashona, anapitisha ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, anakabidhi masaa matatu kabla ya shughuli, hata kama limekosewa hakuna pa kutokea. Mpelekee wiki tatu kabla. Kitenge cha pamba kiloweke usiku mmoja na ukianike kwanza, kirudi kinavyorudi kabla hakijakatwa. Mwambie apige bandi akuite, uende umevaa sidiria utakayovaa siku hiyo na viatu vya siku hiyo, maana kisigino kinabadilisha pindo. Likiwa mwilini kaa kwenye kiti, inama, inua mikono yote miwili juu kama utakavyocheza, sendofu ya Mwanza hakuna anayekaa ametulia. Likibana mahali useme hapohapo wakati uzi bado ni mweupe. Na kabla ovaloki haijapita, mwambie aache inchi moja ya kitambaa cha akiba ndani ya mishono ya ubavuni, mafundi wengi wanaikata ili ndani paonekane pasafi, ila hiyo ndo itakayokuwezesha kuliongeza gauni mwakani au kumwachia mdogo wako likamtosha.